Kongosho jipya au sindano ya kila siku? Kutoka Toronto mpaka delta ya Rufiji

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za chumba cha habari mnazijua wenyewe. Leo nawaletea historia, tena ndefu, kwa hiyo mwenye chai aisogeze karibu.

Tangu Muhimbili wapandikize figo kwa mara ya kwanza nchini, Novemba 2017, kuna swali ambalo halikosekani vijiweni, iwe Mbagala Rangi Tatu kwenye mabasi ya kusini au Kibiti stendi. Watu wanauliza hivi: kama aliyeharibikiwa figo anawekewa ya ndugu yake, kwa nini mwenye kisukari asibadilishiwe hicho kiungo kilichoharibika akapona moja kwa moja, badala ya kujidunga sindano mpaka kufa kwake?

Wengine hulicheka swali hili. Mimi silicheki. Madaktari wakubwa wa dunia wameliuliza kwa zaidi ya miaka 130, na majibu waliyopata yanatuhusu sana sisi, hasa ndugu zetu wa visiwani kule delta.

Tuanze na kiungo chenyewe. Kinaitwa kongosho. Kimejilaza nyuma ya mfuko wa tumbo na kina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutengeneza majimaji makali ya kumeng'enya chakula, ambayo hutiririka kwenda kwenye utumbo. Ya pili ilichelewa kujulikana. Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari wa Berlin aitwaye Paul Langerhans aliona kwenye hadubini vifungu vidogo vidogo vya chembe ndani ya kongosho, vimetengana na nyama iliyovizunguka. Hakujua vina kazi gani. Baadaye vikaitwa visiwa vya Langerhans. Mtu wa delta ataelewa jina hilo haraka kuliko mtu wa Dodoma: vipande vidogo, vimezungukwa pande zote na kitu kingine, na kila kimoja kina maisha yake.

Miaka 20 baadaye, 1889, Oskar Minkowski na Joseph von Mering wa Strasbourg walimtoa mbwa kongosho. Mbwa akaanza kukojoa hovyo, na mkojo ulipopimwa ulijaa sukari. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kisukari kinahusu kongosho. Visiwa vile vinatoa kitu kinachoiruhusu sukari iliyo kwenye damu iingie mwilini kufanya kazi. Kitu hicho tunakiita insulini.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo vijiweni huchanganywa. Kuna kisukari cha aina ya pili, kile cha watu wazima wengi, ambapo kongosho bado linafanya kazi lakini mwili hauitii insulini vizuri. Huyo anaweza kusaidiwa na vidonge, chakula na mazoezi, ingawa wengine huishia kwenye sindano. Na kuna aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huwapata watoto na vijana. Kinga ya mwili wenyewe inavigeukia visiwa vile na kuviua. Mtoto huyo hana insulini kabisa. Asipoipata kutoka nje atakufa, wala hatachukua miaka. Swali la kupandikiza linamhusu zaidi huyu wa aina ya kwanza.

Jaribio la mwanzo kabisa lilifanyika Bristol, Uingereza, Desemba 1893. Daktari Watson Williams alichukua vipande vya kongosho la kondoo akavipandikiza chini ya ngozi ya mvulana wa miaka 15 aliyekuwa anakufa kwa kisukari. Mvulana alifariki baada ya siku tatu. Unaweza kusema yalikuwa makosa, lakini kumbuka wakati huo hakukuwa na dawa yoyote. Mtoto mwenye ugonjwa ule alikuwa anahesabiwa marehemu.

Jibu la kwanza lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1921 mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na kijana Charles Best walianza kukamua dawa kutoka kongosho za wanyama, katika maabara ya Profesa John Macleod. Tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa sindano ya kwanza. Haikufaa, dawa ilikuwa chafu. Mkemia James Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari wakamchoma tena. Sukari ikashuka, na mtoto akarudi kutoka mlangoni kwa Mungu. Mwaka 1923 Banting na Macleod wakapewa Tuzo ya Nobel. Hataza ya ugunduzi ule Banting, Best na Collip waliiachia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, maana hawakutaka mtu aje kuifanya dawa ile mali ya wenye fedha. Siku ya kuzaliwa ya Banting, 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani.

Basi, ishike hiyo Kanada akilini. Tutakutana nayo tena mara mbili.

Insulini ilipofika, je, kisukari kiliisha? Hapana. Watoto waliacha kufa wakaanza kuishi miaka mingi, na miaka hiyo ikaonyesha mambo mapya: macho kupofuka, mishipa ya miguu kuharibika, figo kufa. Sindano ilikuwa inazuia kifo cha leo, lakini haiwezi kufanya kazi kwa usahihi wa kongosho linalopima sukari kila dakika. Hapo wapasuaji wakarudi kwenye swali la Bristol.

Tarehe 17 Desemba 1966, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, William Kelly na Richard Lillehei walimpandikizia mwanamke wa miaka 28 kipande cha kongosho pamoja na figo. Yalikuwa ya kwanza duniani kwa binadamu. Sukari ikashuka bila sindano, lakini kwa siku chache tu. Akarudi kwenye insulini, na mwanzoni mwa mwaka 1967 akafariki. Mwisho wa mwaka huohuo Christiaan Barnard akapandikiza moyo kule Cape Town, na dunia nzima ikahamia kwenye moyo. Kongosho likasahaulika magazetini.

Kwa nini kongosho lilikuwa gumu kuliko figo? Sababu mbili. Moja ni ile kazi yake ya kwanza niliyoitaja. Majimaji ya kumeng'enya chakula hayachagui, yakivuja yanamla mgonjwa mwenyewe tumboni. Wapasuaji walihangaika miaka mingi kutafuta pa kuyaelekeza: wengine waliufunga mrija, wengine wakaupeleka kwenye kibofu cha mkojo, na siku hizi wengi wanaupeleka kwenye utumbo. Sababu ya pili ni kinga ya mwili. Mwili unakikataa kiungo cha mtu mwingine kama unavyomkataa mdudu wa ugonjwa. Kwa huyu mwenye kisukari cha aina ya kwanza ni mara mbili, maana kinga yake ilishavichukia visiwa vile tangu mwanzo.

Mambo yalibadilika miaka ya 1980 baada ya dawa ya saiklosporini, inayoituliza kinga. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 kongosho zaidi ya 50,000 zilikuwa zimepandikizwa duniani, nyingi Marekani. Afrika hii yetu, Johannesburg wanafanya katika hospitali ya Wits Donald Gordon. Upasuaji ukienda vizuri mgonjwa anaweka sindano chini kwa miaka mingi. Si hadithi, ni kweli kabisa.

Sasa hapa ndipo jibu la kijiweni lilipo, nisikilizeni vizuri. Wengi wa waliopandikizwa kongosho walipewa na figo kwa wakati mmoja. Yaani ni watu ambao kisukari kilikuwa kimeshaua figo zao. Mtu huyo atameza dawa za kutuliza kinga maisha yake yote kwa sababu ya figo, kwa hiyo kumwongezea kongosho hakumwongezei mzigo mkubwa wa dawa. Lakini mtoto mwenye figo nzima? Huyo ukimpandikiza unampokonya sindano na kumpa vidonge vya kila siku ambavyo vinaishusha kinga yake, kwenye nchi yenye malaria na kifua kikuu. Akikosa vidonge hivyo, kiungo kinakataliwa. Madaktari wengi duniani wanaona kwamba kwa huyo insulini ndiyo salama zaidi.

Na kuna jambo jingine. Figo unaweza kutoa moja ukabaki na moja. Figo zilizopandikizwa Muhimbili, na zile za Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma walioanza Machi 2018, zilitoka kwa ndugu walio hai. Kongosho ni moja tu. Minnesota walishawahi kukata kipande cha kongosho la ndugu aliye hai, lakini karibu kongosho zote zinatoka kwa waliofariki, tena waliofariki hospitalini, ubongo umekufa huku moyo bado unasukumwa na mashine, na familia ikakubali kabla ya maziko. Hilo linahitaji vyumba vya wagonjwa mahututi, sheria, na mazungumzo magumu ndani ya familia na mbele ya mashehe na mapadri. Si jambo la mpasuaji peke yake.

Kanada ya pili. Mwaka 2000 James Shapiro na wenzake wa Edmonton walisema, kwa nini tuhangaike na kongosho zima? Tuchukue vile visiwa tu. Wakavichuja, wakavidunga kwenye mshipa unaoingia kwenye ini. Hakuna kupasua tumbo. Wagonjwa saba wa kwanza wote waliacha insulini! Dunia ikashangilia. Lakini taarifa ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba baada ya miaka mitano, ni karibu asilimia 10 tu ya wagonjwa wao walikuwa bado hawahitaji sindano. Na mgonjwa mmoja mara nyingi alihitaji visiwa vya marehemu wawili au zaidi.

Siku hizi wanajaribu kuvitengeneza visiwa maabara kutokana na seli shina. Mwaka 2025 zilitoka taarifa mbili kubwa. Ya kwanza, katika wagonjwa 12 waliopewa dozi kamili ya seli za kampuni ya Vertex, 10 hawakuhitaji insulini baada ya mwaka mmoja, ila wote wanameza dawa za kutuliza kinga. Ya pili, kule Uppsala, Sweden, mtu mmoja aliwekewa mkononi seli zilizobadilishwa ili kinga isizione, bila dawa hizo, na seli zikaendelea kutoa insulini. Dozi ilikuwa ndogo, hakuacha sindano. Huenda jibu lenyewe likatokea upande huo. Lakini halijafika, na mtoto anayeumwa leo hawezi kulisubiri.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu hesabu ya kisukari ambayo unaweza kuishika mkononi inaanzia Muhimbili. Kati ya 1981 na 1987 kliniki ya pale iliandikisha wagonjwa wapya 1,250 na kufuatilia maisha yao. Waliosimamia ni kina Profesa Donald McLarty, Mskochi, na Watanzania kama Andrew Swai. Kwa wale wanaotegemea insulini, muuaji mkuu alikuwa ile hali ya damu kujaa asidi kwa kukosa insulini. Yaani walikufa kifo ambacho Toronto walishakipatia dawa miaka 60 kabla. Mwaka 1985 kikaundwa Chama cha Kisukari Tanzania.

McLarty na wenzake pia walikwenda vijijini. Mwaka 1989 walitoa matokeo ya vijiji sita: kati ya watu 6,097 wa miaka 15 na zaidi, wenye kisukari walikuwa 53, hata asilimia 1 haikufika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 mpaka 64, ulikuta asilimia 9.1. Umri si uleule na vipimo vinatofautiana, lakini hata ukitoa hayo yote, mwelekeo unauona mwenyewe.

Na Rufiji? Hapa inaingia Kanada ya tatu. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, walianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Morogoro Vijijini na Rufiji, ambayo wakati huo ilikuwa bado moja pamoja na Kibiti. Wazo lilikuwa rahisi mno: hesabu watu wanakufa na nini, kisha peleka fedha pale. Kuanzia 1998 wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba. Palipotokea msiba waliwauliza wafiwa marehemu aliumwaje, siku ngapi, alikuwa na dalili gani. Nyongeza ya fedha haikuzidi dola 2 kwa mkazi kwa mwaka. Ndani ya miaka kama mitano vifo vya watoto katika wilaya zile vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Rufiji, ambayo magazeti yetu yanaikumbuka kwa mafuriko tu, ikawa mfano wa kufundishia duniani.

Lakini angalieni ramani. Kata zilizohesabiwa ni za bara, kama Bungu, Kibiti, Mchukwi na Ikwiriri. Vijiji vya ndani ya mikoko havikuwamo. Na kisukari cha mtoto ni ugonjwa unaojificha hata pale unapohesabu. Mtoto anatapika, anahema haraka, amelegea, na kabla ya hapo alikuwa anakonda na kukojoa usiku kucha. Zahanati isiyo na kipimo cha sukari itaona malaria kali au kichomi. Jirani ataona mkono wa mtu. Baada ya siku chache kuna msiba, na hakuna daftari lolote lililoandika neno kisukari.

Chukulia sasa mtoto huyo amebahatika, amegundulika na kupewa insulini, nyumbani kwao ni visiwani. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Iliyofunguliwa hudumu kama wiki nne ikiwa mahali pasipo na joto kali. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa vijijini huihifadhi kwenye chungu chenye maji au mchanga mbichi, na wanafanya vizuri. Kuongeza dawa ni lazima kuvuka kwa boti au mtumbwi mpaka Nyamisati, na delta haiendi kwa saa ya ukutani, inaenda kwa maji kujaa na kupwa. Kutoka Nyamisati kuna safari ya kuitafuta barabara kuu. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Mei mwaka huohuo mvua za kimbunga Hidaya zikaikata barabara ya kusini upande wa Somanga. Mwenye malaria anaweza kusubiri maji yapungue akiwa na dozi yake ya siku tatu mfukoni. Asiye na insulini hana siku hizo.

Ndiyo maana nasema historia hii inatuhusu. Tangu 1893 kila hatua ya kupandikiza imeondoa shida moja na kudai kitu kingine cha kila siku: vidonge, vipimo vya damu, daktari wa karibu. Mahali ambapo chupa ya insulini haifiki kwa wakati, vidonge vya kutuliza kinga navyo havitafika. Ukimpandikiza mtoto wa delta leo kongosho zuri kuliko yote duniani, ukamrudisha nyumbani, mtumbwi uleule uliochelewesha sindano utachelewesha vidonge.

Sisemi tusiote. Mwaka 2010 ungesema figo itapandikizwa Dodoma, watu wangekucheka, siku hizo wagonjwa walipelekwa India. Uganda nao wameanza kupandikiza figo pale Mulago, Desemba 2023. Ipo siku na kongosho, au hivyo visiwa vya maabara, vitafika Muhimbili. Waacheni wapasuaji wasomee, na sheria ya kupokea viungo vya marehemu ijadiliwe mapema na kwa uwazi.

Ninachosema ni kwamba Rufiji tayari ilishawafundisha wakubwa somo lake. Hesabu kwanza, kisha peleka fedha mahali kifo kilipo. Kwa mtoto mwenye kisukari, kifo kipo kwenye vitu vitatu vya bei ndogo kuliko chumba cha upasuaji: kipimo cha sukari katika kila zahanati, visiwani kukiwamo, insulini inayokaa kwenye friji ya zahanati pamoja na chanjo, na mganga anayekumbuka kupima sukari kila akimwona mtoto anayetapika na kuhema haraka. Friji ya chanjo ikiweza kupozwa kwa umeme wa jua, chupa chache za insulini hazitaizidia.

Nawe msomaji una kazi. Mtoto akiwa na kiu isiyoisha, akaanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha, anakula na bado anakonda, usingoje. Mpeleke akapimwe sukari, ni tone moja la damu na dakika moja. Wenye ndugu Salale, Mbuchi, Msala na Maparoni, wapigieni muwaambie.

Uwanja ni wenu wadau, hasa mlioko kwenye zahanati za kule. Kama kwenu kipimo kipo, tuambieni. Kama hakipo, tuambieni vilevile, maana kazi yetu ni kuandika.